Norway wanakata miti kila mwaka, na mbao msituni zimeongezeka mara tatu. Inawezekanaje?

#1 MsumenoMkali (Mafinga)

Wakuu, salaam.

Jamaa mmoja kanidokeza jambo nikamwona mwongo, nikaenda kuchimba mwenyewe, nikakuta kweli. Norway wanavuna mbao za kuuza kama mita za ujazo milioni 10 kwa mwaka, na kiwango hicho hakijabadilika sana kwa karibu karne nzima. Lakini mbao zilizosimama msituni leo ni karibu mara tatu ya zile za miaka ya 1920. Zilikuwa kama mita za ujazo milioni 300, sasa zinakaribia bilioni moja. Na ile ni nchi ambayo miti inalala nusu ya mwaka kwa baridi!

Sisi mvua tunayo, jua tunalo, kila tarehe 1 Aprili viongozi wanapigwa picha na ndoo ya maji pembeni ya mche, halafu misitu inapungua.

Msimamo wangu: ni nidhamu, hakuna kingine. Sheria yao inasema ukishavuna, ndani ya miaka mitatu eneo liwe limerudishiwa miti. Mwenye hoja tofauti alete.

#2 KipandeChaMuwa

Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi shukeni.

#3 Binti_Lugalo (Iringa)

Nidhamu, nidhamu! Kila mzungu akifanikiwa mnasema nidhamu.

Msumeno, wale wako milioni tano na nusu. Sisi sensa ya 2022 imetuhesabu milioni 61.7. Na huko hakuna mama anayeamka alfajiri kutafuta kuni za maharage. Wana maporomoko ya maji kila bonde, umeme wa maji wanautumia tangu mwanzo wa karne ya 20. Ondoa mkaa Dar kwa miaka 50 tu uone kama miombo haitarudi yenyewe bila hotuba ya mtu.

#4 MsukumaWaAas (Norway)

Niko huku nasoma misitu, ngoja nisaidie kidogo.

Kwanza tuwekane sawa: kilichoongezeka mara tatu ni UJAZO wa mbao, siyo eneo. Eneo la msitu ni kama asilimia 38 ya nchi, na halijapanuka kwa kiasi hicho. Miti imekuwa mingi zaidi na minene zaidi mahali palepale. Msumeno hakusema eneo, ila najua posti ya kumi mtu atalisema.

Pili, hali ya mwanzo ilikuwa mbaya kuliko mnavyodhani. Kwa karne nyingi waliuza mbao Uholanzi na Uingereza. Migodi ya fedha ya Kongsberg na ya shaba ya Røros, yote ya miaka ya 1600, ilikula kuni na mkaa bila huruma. Mwaka 1916 mtaalamu wa misitu Agnar Barth akaandika makala kwamba misitu ya Norway inakimbilia kwenye maangamizi. Wengine walimwona mpiga ramli. Swali likawa: nani ana takwimu? Hakuna aliyekuwa nazo. Ndipo mwaka 1919 wakaanza sensa ya misitu ya nchi nzima kwa sampuli, ya kwanza duniani ya aina hiyo. Walianzia mkoa wa Østfold, wakatembea kwa mistari msituni wakipima mti kwa mti.

Sensa hiyo haijafa. Leo iko chini ya NIBIO, taasisi iliyozaliwa mwaka 2015 kwa kuunganisha taasisi tatu: ya kilimo na mazingira, ya uchumi wa kilimo, na ya misitu na mandhari. Tangu miaka ya 1980 wana viwanja vya kudumu vya kupimia miti, kimoja kila kilomita 3 kwa 3 katika sehemu kubwa ya nchi, na kila kiwanja kinarudiwa baada ya miaka mitano. Kwa hiyo wakikwambia "mara tatu", wamepima.

KWA NINI imeongezeka ndipo maprofesa wenyewe wanapogombana.

#5 KipandeChaMuwa

Sasa uzi umeanza. Mkuu Msukuma, usikimbie.

#6 MzeeWaMazimbu (Morogoro)

Vijana, nimepita kitivo cha misitu Morogoro enzi ambazo Wanorwe walikuwa wanakisaidia, kuanzia miaka ya 1970. Walimu walitusimulia mambo ya kwao hadi tukayajua kuliko ya Kilimanjaro.

Msumeno ana robo ya ukweli. Zamani kwao walikuwa wanachagua mti mnene, wanaukata, wanaacha vibovu. Wakifanya hivyo miaka mia, msitu unabaki na vilema watupu. Baada ya Vita vya Pili wakageuza: wanafyeka kipande chote kwa mkupuo, wanapanda upya miche ya msprusi, mti wa mbao wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari. Miaka ya 1960 walikuwa wanapanda miche zaidi ya milioni 100 kwa mwaka. Watoto wa shule walitolewa darasani kwenda kupanda. Chama chao cha misitu kilianzishwa mwaka 1898 na kilikuwa kinahubiri upandaji tangu kabla ya vita hivyo.

Na kuna kitu ambacho hakitajwi kwenye semina zetu: mfuko wa msitu. Mwenye msitu akiuza mbao, sheria inamlazimu kuweka pembeni asilimia 4 hadi 40 ya thamani yake. Pesa ni yake, lakini anaitumia kwa kupanda, kupalilia, barabara za msituni, na akiitumia hivyo anapata nafuu ya kodi. Akiuza shamba, mfuko unakwenda na shamba. Hapo hata mvivu atapanda, maana pesa imekaa tu inamsubiri.

#7 MsumenoMkali (Mafinga)

Mzee, si ndiyo nidhamu hiyohiyo nimesema?

#8 MzeeWaMazimbu (Morogoro)

Hapana bwana. Nidhamu ni ya mtu. Hiyo ni hesabu ya kodi.

#9 MtuWaNyeri (Kenya)

Majirani, hamjambo. Sisi hapa tulijaribu njia ya mkato. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, marufuku ikakaa hadi Julai 2023. Ilipoondolewa, hoja ya rais ilikuwa kwamba miti iliyokomaa inaozea shambani huku tukinunua mbao nje. Wanaharakati wakaenda kortini. Mimi nina kiwanda kidogo cha mbao, miaka ile niliuza mashine moja ndio nilipe karo.

Ninachotaka kujua: huko Norway msitu ni wa nani? Maana hapa ukisema "wa umma" kila mtu anajua maana yake.

#10 MsukumaWaAas (Norway)

@MtuWaNyeri sehemu kubwa ni ya watu binafsi. Familia zaidi ya laki moja zina misitu, wengi wao vipande vidogo pamoja na shamba. Kuna sheria ya zamani ya urithi inayompa mtoto wa kwanza haki ya kulichukua shamba, na imo hadi ndani ya katiba. Mtu anapanda msprusi akijua mjukuu ndiye atakayevuna, maana mti ule unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Mipaini ya shamba la miti la Sao Hill kwetu inavunwa kwenye miaka 18 hadi 25, sasa fikiria subira hiyo.

#11 Binti_Lugalo (Iringa)

Kwa hiyo sasa ni hati miliki? Juzi nidhamu, jana kodi, leo hati. Vijiji vyetu vina misitu ya vijiji kisheria tangu Sheria ya Misitu ya 2002. Baadhi imesimama vizuri, mingine imegeuka mashamba ya ufuta. Sheria ni moja, matokeo mawili.

#12 MfugajiHalisi (Monduli)

Mmezunguka mbuyu. Ngoja niwaambie jibu: MBUZI.

Ndugu yangu alikwenda kule kwa mafunzo ya maziwa akarudi na habari. Zamani kila familia ya Kinorwe ilikuwa na kambi ya kiangazi mlimani. Wanawake walipanda na ng'ombe na mbuzi, wanakaa huko miezi, wanatengeneza siagi na jibini, wanakata majani ya kulisha mifugo wakati wa baridi, wanachoma kuni kuchemsha maziwa. Kambi hizo zilikuwa makumi ya maelfu. Leo zinazofanya kazi hazifiki elfu moja. Mifugo ikashuka, miti ikapanda. Mlima uliokuwa malisho sasa ni kichaka cha mibetula. Hakuna mche uliopandwa pale, hakuna sheria ya miaka mitatu. Mfugaji kaondoka, msitu kaingia.

#13 KipandeChaMuwa

Mfugaji anajishtaki mwenyewe 😂😂 Kwa hiyo unakubali mbuzi wanamaliza misitu?

#14 MfugajiHalisi (Monduli)

Nakubali mbuzi anazuia kichaka. Kichaka siyo msitu. Na malisho nayo ni mazingira. Kule kuna maua na vipepeo vinapotea kwa sababu nyasi hazikatwi wala kuliwa, na serikali inawalipa watu ruzuku waendelee kuchunga. Hapa kwetu tunafukuzwa kwa sababu tunachunga.

#15 MsukumaWaAas (Norway)

Mfugaji ana hoja nzito, ila inabishaniwa. Mstari wa juu kabisa wa miti milimani umekuwa ukipanda, na kundi moja la watafiti linasema ni joto la dunia. Jingine linasema hapana, linganisheni na ramani za malisho ya zamani: sehemu kubwa ya kupanda huko ni msitu kurudi pale ulipokuwa kabla ng'ombe hawajafika. Yote mawili yanatokea pamoja, na kuyatenganisha ndiyo kazi inayowalipa watu mishahara hapa. Na kondoo bado wapo wengi, kama milioni mbili hutolewa kwenda kuchungwa kila kiangazi. Waliopungua sana ni ng'ombe wa kambi na mbuzi.

Halafu kuna maelezo ya ajabu zaidi. Miaka ya 1970 samaki walikuwa wanakufa kwenye maziwa na mito ya kusini. Lawama ikaenda kwa mvua ya asidi iliyotokana na moshi wa viwanda na makaa ya mawe ya Uingereza na bara la Ulaya. Waingereza walikataa kwa miaka. Norway wakaanzisha mradi mkubwa wa utafiti, 1972 hadi 1980, kuona mvua hiyo inaua samaki NA misitu. Kwa samaki ushahidi ukatoka waziwazi. Kwa misitu walitegemea kuona miti imedumaa, hawakuweza kuonyesha hivyo. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba hewa ileile chafu ilileta naitrojeni, yaani mbolea ya bure kutoka angani.

#16 MtuWaNyeri (Kenya)

Wacha! Kwa hivyo Mwingereza aliwawekea mbolea na kuwaulia samaki kwa safari moja.

#17 MsukumaWaAas (Norway)

Ndivyo baadhi wanavyosema, japo udongo nao ulipoteza kalsiamu na magnesi, na wengine wanadai deni hilo la udongo bado linalipwa. Samaki ilibidi wasaidiwe kwa chokaa. Mto Mandalselva ulianza kumwagiwa chokaa mwaka 1997 na samoni wakarudi.

#18 BintiMikoko (Pemba)

Assalaam alaykum wote. Nimesoma kimya muda mrefu ila hapa sikubali kupita.

Hakuna aliyeuliza Norway wanakula nini. Ardhi wanayolima ni kama asilimia 3 tu ya nchi. Sehemu kubwa ya chakula chao inatoka nje, na chakula cha mifugo na cha samoni wao wa kufuga kimebeba soya ya Brazil. Kama ngombe wako anakula shamba la mtu mwengine, bila shaka mlima wako utaota miti! Halafu mwaka 2008 haohao wakaahidi hadi dola bilioni moja kuilinda Amazon. Mwaka uleule waziri mkuu wao alikuja Dar, Tanzania ikaahidiwa kroni milioni 500 kwa miaka mitano kwa mambo ya kaboni ya misitu, yaani kulipwa kwa kuacha miti isimame. Mkono mmoja unanunua soya, wa pili unalipa fidia.

#19 MsumenoMkali (Mafinga)

Dada, pesa zile zilisaidia vijiji. Usitupe mtoto na maji ya kuogea, au mnasemaje huko Pemba?

#20 BintiMikoko (Pemba)

Pemba hatusemi hivyo. Tunauliza hesabu. Kijiji kimoja nilichofanya kazi, watu waliambiwa walinde msitu, wakalinda, mradi ulipokwisha muda wafadhili na washauri wakaondoka, na bei ya kaboni tuliyohadithiwa hatukuiona. Msitu upo mpaka leo lakini si kwa sababu ya semina. Upo kwa sababu chemchemi iko ndani yake.

#21 NyukiMdogo (Tabora)

Mimi swali langu ni tofauti. Huo unaoitwa msitu ni msitu kweli au ni shamba la miti? Maana ujazo wa mbao hauniambii kama kuna nyuki.

#22 MzeeWaMazimbu (Morogoro)

Swali zuri sana la Nyuki, na ndilo linalowachoma Wanorwe wenyewe. Karibu nusu ya spishi zao zilizo hatarini zinaishi misituni, hasa kwenye miti mizee na magogo yaliyolala yakioza: kuvu, kuvumwani (ule utando unaoota kwenye magome na mawe), wadudu. Msitu wa msprusi wa umri mmoja, mistari imenyooka, haukaliwi na viumbe hao. Mwaka 1997 wakaanza mradi wa kuorodhesha vipande vyenye thamani ya viumbe ili mvunaji aviache. Mwaka 2016 bunge likaweka lengo la kuhifadhi asilimia 10 ya misitu, na njia kuu ni mwenye msitu kujitolea eneo lake kwa malipo. Hawajalifikia.

Na magharibi walipanda msprusi wa Sitka kutoka Amerika kwa shangwe kubwa baada ya vita. Leo unahesabiwa mti mvamizi na wengine wanalipwa kuung'oa. Kizazi kimoja kilipewa siku ya mapumziko shuleni kuupanda, kizazi kingine kinapewa msumeno.

#23 KipandeChaMuwa

Kama mikaratusi yetu kwenye vyanzo vya maji.

#24 MfugajiHalisi (Monduli)

Nilisikia pia kuna nyama kule haikuliwa kwa ajili ya mionzi. Ni kweli au story za vijiweni?

#25 MsukumaWaAas (Norway)

Kweli tupu. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka Aprili 1986, mvua ilishusha sesiamu yenye mionzi milima ya kati. Kuvumwani wanaliwa na kulungu wa kufugwa wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na mwaka wa uyoga mwingi kondoo nao wanakula uyoga, basi mionzi inapanda. Kiwango cha kawaida cha chakula kiliwekwa bekereli (kipimo cha mionzi) 600 kwa kilo, lakini kwa nyama ya kulungu wale wakapandisha hadi 6,000 Novemba 1986 ili ufugaji wa Wasami usife, kisha 3,000 mwaka 1994. Dawa yake ilikuwa rahisi: mnyama anashushwa toka mlimani anapewa chakula safi kwa wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa, au anapewa chumvi yenye rangi ya buluu ya Prussia inayokamata sesiamu tumboni. Miongo kadhaa baadaye bado kuna maeneo wanapima mnyama akiwa hai kabla ya kumchinja.

#26 Binti_Lugalo (Iringa)

Tumetoka msituni tumefika bucha. Wakulima je? Kichwani mwangu Norway ni samaki na mafuta tu.

#27 MsukumaWaAas (Norway)

Wapo, hasa shayiri, ngano kidogo, viazi na majani ya mifugo. Ugomvi mkubwa upande huo ni jembe. Mkulima wa mashariki anapenda kulima mara baada ya mavuno, kabla ya theluji. Udongo unabaki wazi, theluji inapoyeyuka unateremka mtoni na fosforasi yake. Katikati ya miaka ya 1970 ziwa Mjøsa, kubwa kuliko yote nchini, lilichafuka kwa mwani hadi maji ya bomba yakanuka. Wakafanya kampeni ya nchi: maji taka, sabuni zenye fosfati, samadi ya mashambani, vyote vikabanwa. Sasa mkulima analipwa ruzuku ASILIME hadi majira ya kuchipua. Pale Apelsvoll, karibu na ziwa hilo, kuna jaribio lilianza 1989 likilinganisha mifumo ya kilimo, na wanapima hata maji yanayotoka chini ya kila kipande.

Lakini usipolima, magugu na ukungu wa nafaka vinaongezeka, kwa hiyo unapuliza dawa zaidi. Wanamazingira wa maji wanafurahi, wanamazingira wa sumu wananuna.

#28 NyukiMdogo (Tabora)

Asante. Hapo nimeelewa kwa nini hawamalizi utafiti.

#29 MsumenoMkali (Mafinga)

Turudi kwenye mada yangu kabla modi hajahamisha uzi. Je, ongezeko hilo litadumu?

#30 MzeeWaMazimbu (Morogoro)

Miti waliyopanda watoto wa miaka ya 1950 na 1960 sasa imekomaa, na mti mzee hauongezeki kama kijana. Baadaye walizembea, mwanzoni mwa miaka ya 2000 miche ilishuka hadi kama milioni 20 kwa mwaka. Kwa hiyo kuna pengo linakuja. Ongeza mbawakawa wa magome. Mlipuko wa miaka ya 1970 uliua kama mita za ujazo milioni 5 za msprusi, na tangu 1979 wanatega mitego ya harufu kila mwaka kuwahesabu. Ukame wa 2018 na upepo wa Novemba 2021 ulioangusha miti mingi kusini umewapa mbawakawa karamu. Na yule elg, kulungu mkubwa kama farasi, anatafuna vichwa vya mipaini michanga. Kwa miaka mingi waliwinda zaidi ya 30,000 kwa mwaka na bado wenye misitu wakalalamika.

#31 Binti_Lugalo (Iringa)

Na sisi tunapoteza kiasi gani hasa? Nilisoma hekta 372,000 na ushee kwa mwaka.

#32 MsukumaWaAas (Norway)

Hiyo 372,816 ni ya NAFORMA, yaani sensa ya misitu ya Tanzania, ripoti ya 2015. Ripoti ya kaboni iliyofuata ikaweka 469,420. Vipindi tofauti, njia tofauti. Wanasiasa wanachagua inayowafaa siku hiyo.

NAFORMA ilikuwa kazi kubwa, viwanja zaidi ya 30,000, na kama robo yake ni vya kudumu. Faida yake inakuja pale utakaporudi kiwanja kilekile na kupima mti uleule. Huku mahali halisi pa viwanja hapatangazwi, ili mwenye msitu asikipendelee kiwanja akijua kinapimwa.

#33 MtuWaNyeri (Kenya)

Hapa kwetu ukificha mahali pa kiwanja, aliyetumwa kupima atajaza fomu akiwa hotelini.

#34 MfugajiHalisi (Monduli)

Mpelekeni mchungaji apime. Yeye msituni yupo kila siku na hadai posho. Na jibu langu la #12 hakuna aliyelipangua, nimeona mnapita pembeni tu.

#35 BintiMikoko (Pemba)

Lako halijapanguliwa, na langu la soya pia halijajibiwa. Msumeno, nakungoja.